Kwa kijana wa bodaboda wa stejini Umoja

Ndugu yangu, jina lako sikuwahi kulijua. Baba alikuita "mwanangu", nasi tukakuita hivyo hivyo.

Figo zilipomwishia, alienda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, akikaa kwenye mashine kwa muda wa karibu saa nne kila mara. Akitoka, miguu ilimtetemeka. Ulimngoja nje hata mvua ikinyesha na Jogoo Road imejaa magari, ukamvisha koti lako, ukaendesha polepole. Siku ambazo hakuwa na nauli ulimwambia, "Panda tu, mzee." Mkikaribia nyumbani alikuomba usimame kibandani anunue ndizi za wajukuu. Yeye mwenyewe daktari alikuwa amemkataza kuzila.

Hakutaka watoto wamwone akibebwa. Wewe ulilijua hilo bila kuambiwa: ulimshika kiwiko hadi langoni, kisha ukamwachilia aingie kwa miguu yake, mfuko mkononi, akiwaita mmoja mmoja.

Baada ya mazishi nilikuja stejini. Wenzako wakasema umehama. Asante sana, ndugu yangu, kwa kumrudisha baba yetu nyumbani kila mara. Helmeti uliyomwachia bado tunayo, imetundikwa nyuma ya mlango.