Supu ya boga inaanzia kwenye oveni, sio kwenye sufuria la maji

Ndugu mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaoandaa gazeti hili. Mimi ni msomaji wa ukurasa wenu wa mapishi wa muda mrefu, nausoma hata kabla ya habari za mbele, na leo naomba nafasi niseme kuhusu ile resipi ya supu ya boga na tangawizi mliyoitoa maana kwakweli imenikaa moyoni. Mmeandika menya boga, katakata, chemsha na maji mpaka liive, saga, tia krimu, tia tangawizi, pakua. Basi, imeisha. Sasa mtu anayepika kwa mara ya kwanza akifuata hivyo hivyo atapata kitu cha njano chepesi kama uji wa mgonjwa, atasema boga halina ladha, hatarudia tena, na boga la watu litakuwa limesingiziwa bure.

Mi nimepika hii supu kwa kuchemsha karibu miaka miwili nikidhani ndo ilivyo. Nilikuwa nampikia baba yangu ambaye aling'olewa meno akawa hawezi kutafuna, na alikuwa anaila vijiko vitatu vinne kwa heshima tu, anaweka bakuli pembeni, anasema ameshiba. Siku moja nilikuwa nimeoka kitu kingine na oveni bado ina moto, nikaona niliweke boga humo humo nisipoteze moto bure, na siku hiyo baba alimaliza bakuli akauliza kama imebaki. Sikubadilisha kitu kingine chochote, boga ni lile lile, tangawizi ile ile, sufuria lile lile.

Sababu yake sio uchawi. Lile boga lenye shingo ndefu na ganda laini la rangi ya krimu, ambalo ndo zuri zaidi kwa supu, kwenye kila gramu 100 za nyama yake mbichi kama gramu 86 ni maji. Ukilichemsha unaongeza maji juu ya maji, na sehemu ya utamu wake inaishia kwenye yale maji ambayo wengi mnayamwaga. Ukilioka, maji yanatoka kama mvuke na utamu unabaki ndani unakolea, afu pale nyama inapogusa treya inaanza kuwa kahawia, na ile kahawia ndo ladha yenyewe, ni ile ile inayofanya ukoko wa mkate unukie kuliko ndani yake. Mfaransa Louis-Camille Maillard alishaieleza kemia yake tangu 1912. Kwenye maji haya hayatokei, au yanatokea kidogo sana, kwa sababu maji yanayochemka hayapandi zaidi ya nyuzi 100 na boga haliwezi kupata rangi humo hata ulichemshe mchana kutwa.

Kwahiyo mimi nafanya hivi, na naomba mwandishi wenu wa mapishi asinielewe vibaya, sitaki kumfundisha kazi. Nachukua boga la kilo moja na nusu hivi, zito mkononi kuliko linavyoonekana, lenye kikonyo chake bado na ganda lisilong'aa, maana ganda linalong'aa mara nyingi lilivunwa halijakomaa. Nawasha oveni nyuzi 200 na kuiacha ipate moto kweli. Wakati huo nakata kitako cha boga kiwe bapa ili lisimame lenyewe kwenye ubao, afu ndo nalipasua katikati kutoka juu kwenda chini kwa kisu kizito. Hapo pa kitako wengi wanaparuka, wanalipasua boga likiwa limelala linabiringika na kisu kinateleza, ni hatari. Natoa mbegu kwa kijiko, napaka mafuta vijiko viwili, chumvi, pilipili manga, nalilaza tumbo chini kwenye treya.

Na simenyi. Jamani acheni kumenya boga bichi, ni kazi ngumu na utomvu wake unaganda mikononi kama gundi iliyokauka, ngozi inavutika na hautoki kwa sabuni ya mara moja. Likishaiva ganda linaachia lenyewe.

Pembeni kwenye treya hiyo hiyo naweka kitunguu maji kimoja kikubwa nilichokipasua mara nne, na kichwa kizima cha kitunguu saumu nilichokikata juu kidogo nikakifunga kwenye foili na mafuta. Nafasi iwepo kati ya kitu na kitu, treya ikijaa sana vitu vinapikana kwa mvuke na hapo umerudi kule kule kwenye kuchemsha. Dakika 45 mpaka 60, inategemea ukubwa, kitunguu maji naweza kukitoa mapema kikianza kuungua. Utajua boga limeiva ganda likijikunja kama mkono uliokaa kwenye maji sana, na kisu kinaingia shingoni bila kusukumwa, maana shingo ndo nene na ndo inachelewa. Nikiligeuza pale chini nakuta ukingo wote umekuwa kahawia iliyokolea, kuna vitone vya utamu vimeganda kwenye treya vinang'aa, na harufu inakuwa imeshafika mpaka chumbani. Nachota nyama kwa kijiko inatoka yenyewe, afu ile treya naimwagia kikombe cha maji ya moto nakwangua ile kahawia iliyoganda naitia yote kwenye sufuria. Usiioshe treya kabla hujafanya hivyo, nusu ya ladha iko pale. Ila ikiwa imeungua nyeusi kabisa iache, itatia uchungu.

Asiye na oveni asikate tamaa, akate vipande vidogo vidogo, kikaango kizito, mafuta, moto wa wastani, aviache vitulie mpaka upande mmoja uwe kahawia ndo ageuze, asikoroge koroge. Inachosha kidogo lakini inafika.

Sasa tangawizi, na hapa ndo nina ugomvi zaidi na resipi yenu, maana mmesema itiwe mwishoni yote kwa pamoja. Tangawizi ina tabia mbili. Ile mbichi ukali wake unatoka kwenye kitu kinaitwa jinjeroli, kinachoma na kinapanda puani. Ukiipika, sehemu ya jinjeroli inageuka kuwa zinjeroni ambayo ni pole, ina utamu utamu, inakaa chini ya ladha nyingine bila kuzipigia kelele. Kwahiyo ukiitia yote mwanzo unakosa mchomo, ukiitia yote mwisho unapata supu inayopiga koo lakini katikati haina kitu. Mi nagawa. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, gramu 30 hivi, nakikwangua ganda kwa ncha ya kijiko (usitumie kisu, kinaondoka na nyama nyingi), theluthi mbili nakata vipande vyembamba kukatisha nyuzi zake, nakaanga kwenye mafuta kidogo dakika mbili tatu moto mdogo mpaka inukie, ndo namwaga boga, vitunguu na maji. Ile theluthi iliyobaki naikuna, naikamua kwa mkono, maji yake naweka kwenye kikombe pembeni yasubiri.

Ile ya unga msiwaambie watu ni sawa tu na mbichi. Tangawizi ikikaushwa sehemu ya jinjeroli inageuka kuwa shogaoli ambayo ni kali zaidi, ukitia vijiko viwili kama ulivyozoea mbichi supu yote imeharibika. Robo kijiko cha chai unaanza nacho, unaonja.

Maji au supu ya mboga, lita moja inatosha kwa boga la kilo moja na nusu, lakini usiitie yote mara moja, anza na robo tatu ya lita. Kuongeza ni rahisi, kupunguza huwezi. Vichemke pamoja dakika 10, ladha zijuane, afu ndo kusaga.

Mhariri, hapa kwenye kusaga naomba usome taratibu. Resipi yenu imesema "saga" neno moja tu. Mimi mkono wangu wa kulia mpaka leo una alama kwenye kifundo kwa sababu ya neno hilo moja, maana nilifuata resipi nyingine iliyoandikwa vile vile, nikajaza blenda supu inayotokota mpaka juu, nikafunga mfuniko vizuri kabisa nikidhani ndo usalama, nikabonyeza. Mvuke unapanuka ghafla kisu kikianza kuzunguka na hauna pa kutokea, mfuniko uliruka na supu nzito ya boga ikanimwagikia mkononi. Supu nzito haimwagiki ikaondoka kama maji, inanata na inaendelea kuunguza. Nilikimbilia bomba nikakaa na mkono kwenye maji ya baridi yanayotiririka, na hicho ndo kilichosaidia, dakika 20 nzima sio kuchovya na kutoa, na asije mtu akakupaka siagi wala dawa ya meno. Kwahiyo acha supu ipoe dakika 10, jaza blenda nusu tu, toa kile kizibo kidogo cha katikati ya mfuniko, funika hapo na taulo la jikoni lililokunjwa, shika, anza na spidi ndogo kabisa. Mwenye ile blenda ya mkono asage humo humo kwenye sufuria, ila aizamishe kabla hajawasha.

Saga dakika mbili tatu kila awamu hata kama unaona imeshalainika. Ulaini wa supu hii hautoki kwenye krimu, unatoka kwenye boga lenyewe, lina wanga na pektini (ile inayofanya jamu ishikane) vinavyoshika maji boga likiwa limesagwa vizuri. Nilipogundua hili nilipunguza krimu kutoka kikombe kizima mpaka nusu ya nusu kikombe na hakuna aliyejua. Wasiotumia maziwa watie tui zito la nazi, linapatana na tangawizi kuliko hata krimu kwa maoni yangu. Na msiogope mafuta kidogo humo, ile rangi ya chungwa ni betakarotini ambayo mwili unaitengenezea vitamini A, na inahitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri.

Sasa ule ukamuo wa tangawizi uliokuwa kikombeni. Rudisha supu motoni, ikianza kuchemka mimina, subiri dakika moja hivi, zima, ndo utie krimu au maziwa. Usibadilishe huo mpangilio. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto mkali ndo unakiua. Kuna siku nilitumia maziwa badala ya krimu, nikakamulia tangawizi mbichi juu yake wakati supu imeshapoa poa, ikakatika vipande vipande mbele ya wageni waliokuwa wameshakaa mezani. Na krimu ikishaingia usichemshe tena. Mwisho kabisa matone ya ndimu au limau, nusu tunda linatosha, onja, chumvi, onja tena. Bila kitu chachu supu ya boga inakuwa tamu mpaka inachosha, watu wengi wanaongeza chumvi wakati kinachokosekana ni uchachu.

Mbegu msitupe, osha, kausha vizuri na kitambaa, chumvi na mafuta, oveni nyuzi 160 dakika 15 mpaka 20, nyunyiza juu ya bakuli.

Kingine ambacho sijawahi kukiona kwenye ukurasa wenu, boga likiwa chungu lisiliwe. Onja kipande kidogo kibichi kabla hujalioka, ukisikia uchungu mkali tema utupe boga lote. Huo uchungu ni kukurbitasini, inatapisha na kuharisha vibaya, na kupika hakuiondoi. Ni mara chache, zaidi kwa mboga zilizoota zenyewe au mbegu zilizochanganyika, lakini mtu akioka kwanza atadhani ni kuungua tu, ataficha na krimu na sukari, ale.

Supu ikibaki ipoze iingie friji ndani ya masaa mawili, inakaa siku tatu mpaka nne, na ukitaka kuiweka friza ifanye kabla ya krimu, miezi miwili mitatu iko sawa, krimu unatia siku ya kupasha.

Najua nafasi gazetini ni ndogo na barua yangu imekuwa ndefu, mkatae au mkubali mengine yote ni sawa, kila jiko na mwenyewe. Ila mkiirudia hiyo resipi, pale mlipoandika "saga" ongezeni hiyo sentensi ya blenda, nusu tu, kizibo nje, taulo juu. Hata mkikata barua hii yote, hiyo naomba mwichape.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa mapishi