Deni letu la Ruaha Mbuyuni

Iringa, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Jamali,

Salaam nyingi. Watoto hawajambo? Baba yao je? Sisi wazima, mafua tu. Najua umeninunia tangu Pasaka na haki unayo, simu zako zote tatu niliziona. Lakini kanune baadaye, kwanza nisikilize, maana nina jambo lako na ni la pesa.

Nimekuja Iringa na gari, peke yangu. Baba Nasra kapiga kelele wiki nzima: kaIST kale kapande mlima Kitonga, pancha utaziba wewe, giza likikukuta utalala wapi? Nikamwambia nitalala Mikumi. Safari ya siku moja nimeifanya siku mbili kwa makusudi, nisimame pale tulipokuwa tukisimama zamani, na pale konda alipokuwa akitunyima. Unaukumbuka ule wimbo wake, "Dakika kumi! Wa kula ale, wa kuchimba dawa achimbe"? Safari hii dakika kumi zilikuwa zangu. Chalinze nimekaa kwenye benchi na hindi la kuchoma mpaka mchomaji akaniuliza kama kuna mtu namsubiri.

Stendi ya Msamvu, Morogoro, sikukaa. Wachuuzi wananung'unika kwamba tangu treni ya umeme ianze, 2024, abiria wa Dar wamewahama. Kabla ya Mikumi tochi ya trafiki ikaninasa: 61 penye 50, elfu thelathini. Nilistahili, nilikuwa naimba. Ndani ya hifadhi nikatambaa kama kobe, twiga wawili wako kando kabisa ya lami, na lori nyuma yangu linanipigia honi utadhani wale twiga nawafuga mimi.

Haya, sasa Ruaha Mbuyuni.

Usijifanye umesahau. 2001, tunarudi shule, Form Five. Vitunguu vimening'inizwa kila kona kama kawaida, basi limesimama, wachuuzi wamejazana madirishani. Wewe ulikaa dirishani. Yule mama akakupandishia mfuko wa wavu, elfu mbili, ukaupokea, ukaanza kufungua fundo la leso. Fundo likagoma. Konda akapiga bodi, basi likaondoka, mama akatukimbilia mkono juu hadi kwenye ule mbuyu mkubwa. Na sisi tukacheka. Miaka yote hii tumekisimulia kile kisa kwenye maharusi na misibani, mpaka Teddy anakijua kuliko sisi, na kila mara tunaigiza mbio za yule mama.

Nimeegesha palepale. Jua kali, mibuyu ileile, vitunguu vyekundu vimepangwa hadi ukingoni mwa lami. Basi likaja, wakalikimbilia wote, mimi nimesimama upande wa chini kwa mara ya kwanza maishani. Shoga, ukiwa huko chini basi ni refu! Unaona mikono tu na nusu za nyuso. Likaondoka, kijana mmoja akalifuata anadai chenji yake. Abiria wakacheka. Sikuwa na pa kuweka macho.

Nikaulizia. Wa zamani wamebaki wachache, tena wanalalamika kwamba tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku, mengi hupita abiria wamelala. Mwisho nikapelekwa kwa binti mmoja, anasema mama yake ameuza hapo tangu yeye hajazaliwa, sasa macho yamegoma, yuko nyumbani. Akampigia simu. Nikajieleza yote, leso, fundo, mbuyu. Nilitarajia anitukane, au alie, sijui nilitarajia nini hasa. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mlikuwa basi gani, mwanangu? Maana waliokimbia ni wengi."

Nikataja basi. Akasema hakumbuki. Labda ni yeye, labda ni jirani yake aliyekwishafariki. Nikauliza sasa hiyo pesa nimpe nani. "Mpe huyo huyo binti." Nikatoa elfu ishirini, binti akazihesabu mara mbili, hakunishukuru wala hakununa, akanigeukia: unachukua na vitunguu? Nikachukua. Hivi vinanuka gari zima. Kitonga nimeipanda gia ya kwanza nyuma ya lori la Tunduma, jasho linanitoka, vitunguu vinanitoa machozi. Angalau ndivyo nilivyomwambia Baba Nasra kwenye simu, kwamba ni vitunguu.

Ilula nimenunua nyanya nusu tenga. Usiniulize za nini, nakaa peke yangu hapa mpaka Alhamisi. Na baridi ya Iringa bado ina adabu mbaya kama tulivyoiacha.

Basi nusu ya elfu ishirini ni yako. Kumi utanitumia lini? Na mfuko wako wa vitunguu nikuwekee kwenye basi la Mwanza, au utakuja Dar kuuchukua mwenyewe, tukagombane ana kwa ana? Shoga, mguu wa mama yako unaendeleaje? Teddy kakueleza habari za nyumba? Halafu kuna kitu kimenikaa kooni tangu jana, na wewe sasa hivi ni mweka hazina wa kikoba cha watu: fundo lilikugomea kweli siku ile? Maana tulipofika shule ulininunulia soda na maandazi, na mimi sikuuliza. Ile elfu mbili ilikwenda wapi?

Wako,
Mama Nasra