Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa Eastlands: mkiweka mwiko chini, mshike nini?

Wanangu wa Umoja, Kayole, Dandora, Jericho na Pipeline, nawasalimu.

Mabishano ya kumchapa mtoto au kutomchapa hayaishi, chamani, kanisani, msikitini, hata kwenye ngazi za ploti. Wengine husema kiboko ndicho kilichotulea. Wengine husema sheria imekataza, basi. Mimi nasimama na hao wa pili, ila nawalaumu kwa jambo moja: humnyang'anya mzazi mwiko, kisha humwacha mikono mitupu mbele ya mtoto wa miaka minne anayegaragara sakafuni. Mzazi huyo hujikaza siku kadhaa, akifoka badala ya kupiga, halafu jioni moja hupasuka akampiga kuliko zamani. Kwa hiyo hoja nitazipitia upesi, nikae zaidi kwenye kazi yenyewe.

Kifungu cha 29 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa bado inamwachia mzazi nafasi ya kutoa adhabu ya kadiri. Ile ya 2022 iliyochukua mahali pake imeiondoa nafasi hiyo. Anayesema haya ni mambo ya Wazungu ajue kwamba sheria ya England bado inamwachia mzazi utetezi huo wa adhabu ya kadiri, ilhali Tunisia iliufuta 2010, Sudan Kusini 2011, na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini 2019. Ndugu zangu wa kanisa hunisomea Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Nawaomba wafungue na Waefeso 6:4, akina baba wanapokatazwa kuwachokoza watoto wao.

Kwa upande wa utafiti, mwaka 2016 watafiti Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za miaka hamsini zenye watoto zaidi ya 160,000. Waliangalia kofi la mkono matakoni, si kipigo cha kujeruhi. Kila palipoonekana tofauti ya maana, ilielekea ubaya: ukaidi, ugomvi, uhusiano mbovu na mzazi. Wapinzani, Robert Larzelere akiwa mmoja wao, waliuliza swali la haki: je, si mtoto mtundu ndiye anayechapwa zaidi? Wako watafiti waliowafuata watoto wale wale kwa miaka, wakauzingatia utundu wao wa mwanzo, na bado waliochapwa zaidi walizidi ukali baadaye. Tofauti kwa mtoto mmoja ni ndogo, sitatia chumvi. Lakini anayemuumiza mtoto ndiye anayepaswa kuonyesha faida, na faida ya kudumu haikuonekana.

Kinachotudanganya ni kwamba kofi hufanya kazi kwa dakika tano. Mtoto hunyamaza, nawe unapata nafuu. Anayefunzwa hapo ni mzazi, anajifunza kwamba kupiga kunalipa. Kesho kosa linarudi, mtoto amezoea kipimo cha jana, na mkono unaongeza.

Yapo ya kuacha leo hii, hata kama hujakubali neno langu jingine lolote. Usimtikise mtoto mchanga: shingo yake haijakomaa, na ubongo unaorushwa huku na huko huvuja damu ndani bila alama nje. Usipige sikio, kofi huweza kupasua kiwambo chake. Wala usidhani mkanda au mpira wa maji utatua matakoni ulikolenga. Mtoto hugeuka, akapigwa kwenye figo, au huinua mkono kujikinga, mfupa ukavunjika.

Sasa kazi yenyewe. Anza na amri, maana ugomvi mwingi wa nyumbani huanza na amri mbovu. Sauti inayotoka jikoni, "Wewe, acha hiyo!", si amri. Mwendee, iname mpaka macho yenu yakutane, mwite jina, umwambie jambo moja la kufanya: "Weka kikombe mezani." Usimwambie asifanye nini, mwambie afanye nini. Kisha nyamaza na uhesabu moyoni mpaka tano. Wengi hushindwa hapa, hurudia amri mara sita, na mtoto hujua kwamba tano za kwanza hazihesabiwi. Akitii, msifu papo hapo kwa kutaja alichofanya: "Umeweka kikombe mara moja, asante." Kusema "mtoto mzuri" tu hakumwelezi nini arudie.

Asipotii, onya mara moja: weka kikombe, au utakaa kwenye stuli. Hesabu tena tano, kisha tenda. Njia ya stuli inafaa kati ya miaka mitatu na saba hivi. Najua wengi wenu mnaishi chumba kimoja, hakuna chumba cha pili cha kumpeleka, na hakihitajiki. Geuza stuli ielekee ukuta, mbali na jiko, tivii na ndugu zake. Dakika moja kwa kila mwaka wa umri, zisizidi tano, na asimame akiwa ametulia walau sekunde chache, la sivyo atajifunza kwamba kilio ndicho kinachomtoa. Muda huo usimhubirie, usimtazame, usimjibu. Akimaliza, rudieni amri ile ile, aweke kikombe, mambo yaishe. Choo kisitumike kamwe kama stuli, wala mlango usifungwe. Giza na hofu havimfundishi kikombe kinawekwa wapi.

Siku za mwanzo kelele zitapanda badala ya kushuka. Mtoto anajaribu mlango uliokuwa ukifunguka zamani, anausukuma kwa nguvu zaidi kabla ya kuuacha. Wazazi wengi hukata tamaa papo hapo, wakasema watoto wetu hawawezi njia hii, na mtoto akapata somo kwamba kelele kubwa zaidi ndizo zinazoshinda. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hiki ndicho kilio tunachotakiwa kukivumilia. Waambieni majirani mapema kwamba mtalisikia zogo, ili asije shangazi wa mlango wa pili akamnyanyua mtoto na peremende mkononi.

Haya yote hayafai kitu ikiwa mtoto hana akiba ya wema wenu. Mpe dakika tano kila siku za mchezo anaouchagua yeye, simu imefichwa, bila kumkosoa wala kumuuliza ya homuweki. Hata siku aliyokosea, mpe. Na tazameni saa: mapigo mengi huangukia kati ya saa kumi na mbili na saa mbili jioni, mzazi ametoka kwenye foleni ya Jogoo Road, mtoto ana njaa, chakula hakijaiva. Kipande cha muhogo au ndizi kabla hujavua viatu huzuia vita vingi.

Kwa kijana wa miaka kumi na miwili kwenda juu, stuli ni dharau. Yeye apoteze kitu cha thamani kwa muda mfupi, simu au bando kwa siku moja, kisha arudishiwe. Ukimnyima mwezi mzima hana tena cha kupoteza. Alichokiharibu akirekebishe kwa mikono yake.

Msichana wa kazi afundishwe hatua zizi hizi, kwani kazi yote ya jioni inabomoka mtoto akichapwa mchana. Na shuleni, acheni kumwambia mwalimu "mchape tu". Kiboko kilifutwa shuleni 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inaweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mwanao akirudi na alama, piga picha siku hiyo hiyo, mpeleke hospitali apate maandishi ya daktari, kisha mwandikie mwalimu mkuu barua ubaki na nakala. Usipojibiwa, nenda bodi ya shule, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na kwa afisa wa watoto.

Na ukihisi mkono wako umeanza kupanda, mweke mtoto mahali salama, utoke mpaka kwenye korido, unywe maji, umwite jirani akae naye. Adhabu inaweza kungoja. Nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure. Mtoto anaweza kuipiga, nawe mzazi uliyeelemewa unaweza pia.

Ni mimi mzee wenu,
Jericho, Nairobi