Kausha mbegu kwanza, friji baadaye

Mhariri,

Ushauri wa kuhifadhi mbegu "mahali pakavu penye ubaridi" umezoeleka, lakini wengi hushika ubaridi na kuusahau ukavu. Mbegu zinaanikwa siku mbili, zinatiwa kwenye chupa, kifuniko kinakazwa, chupa inaingia friji. Msimu ukifika hazioti, lawama zinamwangukia aliyeziuza.

Mbegu ghalani iko hai na inapumua. Kuna kanuni ya makadirio: unyevu ukiwa kati ya asilimia 5 na 14, kila asilimia moja inayopungua huongeza umri wa mbegu maradufu. Joto nalo, kila nyuzi 5 za Selsiasi zinazoshuka hufanya vivyo hivyo. Kwa hesabu hiyo, mbegu iliyokaushwa kutoka asilimia 13 hadi 9 imezidishiwa umri mara 16 kabla hata ya kuonja baridi. Ikifungiwa mbichi, jasho lake halina pa kwenda. Ukungu unaingia kazini.

Kipimo cha chumvi (tia mbegu na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, uone kama chumvi inaganda kwenye kioo) kinapotosha hapa. Chumvi isipoganda, unyevu uko chini ya takriban asilimia 15 tu. Nafaka ya gunia inaweza kuridhika na hapo. Chupa isiyopitisha hewa inataka 8 au pungufu, na mbegu za mafuta kama karanga na alizeti zishuke zaidi.

Anika kivulini penye upepo, nyuzi zisizidi 40, kwani jua kali juu ya bati huua kiini huku ganda likionekana zima. Malizia kwa kuzifungia na silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) ya uzito uleule kwa wiki moja. Mchele uliokaangwa bila mafuta mpaka ukauke kabisa, ukapozwa kwenye chombo kilichofungwa, unafaa pia. Mchele wa hivihivi haufai. Wenyewe una unyevu wa kutosha.

Chupa ikitoka friji isifunguliwe mpaka ubaridi wake uishe, la sivyo umande utatua juu ya mbegu na kazi yote irudi mwanzo.

Haya yote hayahusu embe, parachichi, fenesi wala kakao. Mbegu zake zikikauka zinakufa. Zitoke tundani ziende kitaluni.

Msomaji wenu