YAH: MALALAMIKO KUHUSU FAINI YA TIKETI NA KUTELEKEZWA HONG KONG, AGOSTI 2019

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Uwakala wa Safari,
Dar es Salaam.

2 Septemba 2019

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja niliyenunua kwenu kifurushi cha likizo ya Hong Kong: tiketi ya kwenda na kurudi, hoteli, matembezi na bima ya safari. Nimerudi salama, namshukuru Mungu. Naandika kwa sababu ya shilingi 870,000 ambazo kaka yangu alilazimika kuzilipa ofisini kwenu ndipo mkanitolea tiketi ya kurudi nyumbani. Kwenye stakabadhi mmeandika kwamba ni faini ya "abiria kutofika uwanjani" pamoja na tofauti ya nauli.

Uwanjani nilifika. Tarehe 13 Agosti nilikuwa pale tangu mchana, ingawa ndege yangu ilikuwa ya usiku, kwa sababu nilishaona yaliyotokea jana yake, waandamanaji walipojaa uwanjani na safari zikafutwa. Ilipofika saa kumi na nusu jioni mamlaka ya uwanja ikasimamisha ukaguzi wa tiketi kwa abiria wote wanaoondoka. Waandamanaji walikuwa wamekaa chini mbele ya milango ya kuingilia na kupanga toroli za mizigo kama ukuta. Ubao wa safari ukageuka mstari kwa mstari, zimefutwa, zimefutwa. Picha ya ubao huo nimeiambatanisha, na namba ya ndege yangu inasomeka. Usiku huo nililala sakafuni, ndani ya uwanja ambao ninyi mnasema sikufika.

Sasa hesabuni saa. Hong Kong iko mbele yetu kwa saa tano. Saa kumi na nusu ya kule ni saa tano na nusu asubuhi Dar es Salaam, tena Jumanne, siku ya kazi. Nilipiga namba ile mliyoiandika kwa wino mwekundu kwenye bahasha ya tiketi, "huduma ya dharura saa 24". Iliita mpaka ikakatika. Nikatuma ujumbe wa WhatsApp. Tiki mbili zikawa za bluu, jibu hakuna. Jumatatu ningewaelewa, watu walikuwa bado kwenye Idi. Lakini Jumatatu hiyohiyo uwanja ulikuwa umefuta safari zote za jioni, na redio na televisheni za dunia nzima zilitangaza. Wakala wa safari mwenye mteja Hong Kong alihitaji nini zaidi ili anyanyue simu?

Asubuhi ya tarehe 14 shirika la ndege lilianza kuhudumia abiria tuliokwama. Mhudumu wa kaunta aliniambia kwamba kwa waliofutiwa safari tiketi inabadilishwa bila faini, ila kwa kuwa yangu ilinunuliwa kupitia wakala, wakala ndiye anapaswa kuomba. Akaniandikia hivyo kwenye karatasi yenye muhuri, nakala mnayo hapa. Kazi yenu ilikuwa kuomba tu. Badala yake mliacha nafasi yangu ikaandikwa kuwa nimeikosa kwa hiari yangu, kisha mkamwambia kaka yangu alipe kwanza.

Nisieleweke vibaya. Siwadai fidia kwa sababu ya maandamano. Watu wa Hong Kong walikuwa na lao, muswada wa kuwapeleka watuhumiwa kushitakiwa China bara, na wengi niliowaona barabarani ni vijana wa rika langu. Asubuhi hiyo ya tarehe 14 baadhi yao walisimama ukumbini na mabango ya kutuomba radhi abiria kwa usumbufu. Waliofunga uwanja wameniomba radhi. Ninyi niliowalipa, bado.

Kuna pia suala la mwezi wa Julai, kabla sijalipa salio. Nilikuja ofisini nikauliza kama hali inaruhusu kusafiri. Dada wa mapokezi, mbele ya msimamizi wake, akanijibu kwamba maandamano yalikuwa mambo ya Juni na yameshaisha. Wakati huo waandamanaji walikuwa wameshavamia jengo la Bunge tarehe 1 Julai, na tarehe 21 watu wenye fulana nyeupe walikuwa wamewapiga abiria kwa fimbo katika stesheni ya treni ya Yuen Long. Sikutaka mnitabirie. Nilitaka mnieleze mnachokijua ili niamue mwenyewe, hata kama ni kusogeza safari mbele.

Hoteli mliyoiita ya "eneo tulivu" ilikuwa Tsim Sha Tsui, karibu na Nathan Road. Jumapili ya tarehe 11 polisi walipiga mabomu ya machozi mtaa huo. Moshi ulipanda mpaka korido ya ghorofa yetu. Usiku huo binti mmoja aliumia jicho, na kesho yake maelfu wakajaa uwanja wa ndege, wengine wamefunga bandeji jicho moja. Matembezi ya tarehe 5 nayo hayakufanyika kwa sababu ya mgomo: treni zilikwama, na zaidi ya safari 200 za ndege zilifutwa siku hiyo. Pesa ya matembezi hayo iko kwenu.

Kuhusu bima, mmenijibu kwa simu kwamba haihusu vurugu za kiraia. Inawezekana. Ila mimi nilipewa risiti ya bima tu, hati yenye masharti sijawahi kuiona mpaka leo.

Naomba mnirudishie shilingi 870,000 zote, pamoja na gharama ya matembezi ya tarehe 5, na mnipatie hati kamili ya bima. Naomba pia barua ya kufuta maneno kwamba sikufika uwanjani, maana sitaki yabaki kwenye kumbukumbu zangu za usafiri. Nategemea majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Msiponijibu, suala la faini nitalipeleka Tume ya Ushindani, na la bima kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Jina langu, namba ya tiketi na namba ya simu ya kaka yangu vipo kwenye viambatanisho. Tafadhali msimpigie yeye tena. Nipigieni mimi.

Wenu,
Mteja

Viambatanisho: nakala ya tiketi ya awali, stakabadhi ya malipo, picha ya ubao wa safari, karatasi ya kaunta ya shirika la ndege, risiti ya bima.