Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ruvuma ya Angani

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina. Masika yalituziba anga wiki nyingi, kwa hiyo safari yetu ya kutazama nyota ufukweni Msimbati tuliifanya Juni, usiku wa giza usio na mbalamwezi.

Usiku ule kijana wetu mmoja aliniuliza kama kuna kitu chochote angani chenye jina la huku kusini. Kipo! Asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka Jua) namba 1427 inaitwa Ruvuma, kwa jina la mto wetu huu tunaopakana nao na Msumbiji. Mwanaastronomia Cyril Jackson aliigundua akiwa Johannesburg tarehe 16 Mei 1937, na mwaka huohuo akapata nyingine, zikiwemo mbili zilizoitwa Mombasa na Pemba. Ruvuma ya angani ina upana wa kilomita 37 hivi, ni nyeusi, na huzunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii kwa takriban miaka minne na nusu. Kwa macho matupu haionekani hata Msimbati.

Enzi hizo wanaastronomia walipiga picha kipande kilekile cha anga zaidi ya mara moja, kisha wakazilinganisha. Nyota hubaki mahali pake. Kinachosogea ndicho kinachotafutwa. Kwanza Ruvuma ilipewa alama ya muda ya 1937 KB: K ni nusu ya pili ya Mei, B ni ya pili kugunduliwa katika nusu hiyo. Namba ya kudumu hutolewa njia yake ikishajulikana kwa uhakika, jina ndilo la mwisho. Siku hizi mgunduzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina lisilozidi herufi 16, na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ndiyo inayoidhinisha.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu mwenzetu mmoja aliuziwa mtandaoni cheti cha nyota yenye jina la marehemu mama yake. Wanaastronomia hawakitambui cheti kile. Iliniuma mno, maana alitoa akiba yake kwa mapenzi. Tafadhali, kabla ya kulipa, tuulizane.

Mwaka ujao naomba tujiunge na kazi ya kujitolea ya kusaka asteroidi katika picha za darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii. Inahitaji kompyuta, intaneti na subira. Jina la kupendekeza ninalo tayari: Mikindani, herufi tisa.

Mwenyekiti, Mtwara