Usimjibu, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Huku tu wazima, isipokuwa baba yako na goti lake.

Mdogo wako ameniambia yule mtu uliyemwacha ameanza tena kukutumia ujumbe, nawe unamjibu. Usimlaumu, mimi ndiye niliyembana mpaka akasema. Usimjibu, mwanangu. Hata kumtukana usimtukane, maana anachotafuta ni jibu, liwe tamu liwe chungu.

Utasema safari hii analia. Kwani kulia kaanza leo? Mshauri wako alikueleza vizuri kuliko mimi: anayekupa wema leo na kesho akakunyima bila sababu hukufunga kuliko anayekutesa kila siku, kwa kuwa unabaki kuingoja ile siku njema irudi. Ndiyo maana unamkumbuka. Si upumbavu, na wala si lazima liwe penzi.

Ulipokuja hapa uliniomba ruhusa ya kufungua dirisha. Mlango ukapigwa na upepo, ukasema samahani. Samahani ya nini? Wewe ambaye nilikuwa naitwa shuleni kwa ajili ya mdomo wako! Yule mtu amekuwa akiyakana maneno yake mwenyewe hadi unahifadhi kila ujumbe ili ujihakikishie kwamba huna wazimu. Na kwa kuamkia watu ni hodari, hata mimi alinipata.

Kama ana ule ugonjwa wa kujipenda kupita kiasi, hilo ni la madaktari. Siku hizi kila mkorofi anabandikwa jina hilo. Mimi naangalia alichokufanya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inataja kiwewe cha mtu aliyeteswa muda mrefu pasipo njia rahisi ya kutoka: kujiona si kitu, hisia kumshinda, kushindwa kukaa karibu na watu. Nilisoma nikakuona wewe. Basi usiache kwenda kwa mshauri eti kwa kuwa sasa unapata usingizi.

Uliponificha hayo yote uliniudhi, na bado nimeudhika. Ila siku uliyotoka na begi moja, nilitembea kichwa juu.

Cherehani yako nimeitia mafuta. Mdogo wako anaitaka, nimemwambia asubiri kauli yako. Kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa kinakwama, tumekibadilisha. Kaka yako atakuletea ufunguo wako.

Namba ya yule mtu umeshaifungia? Nijibu hilo kwanza, cherehani baadaye.

Mama yako